Jenerali Leberecht von Trebbenau na Farasi Aliyerudi Peke Yake

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya dada yangu Ottilie, mjane, nawasomea maisha ya shemeji yangu, Jenerali Leberecht von Trebbenau, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1814 hapa hapa Karvitz, Pomerania, akapandishwa juu ya farasi kabla hajajua kutembea vizuri.

Mwaka 1825 alipelekwa shule ya kijeshi, mwaka 1832 akaingia kikosi cha askari wa farasi, mkali kwa watu, mpole kwa wanyama, na tarehe 12 Juni 1844 akafunga ndoa na Ottilie katika kanisa hili, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Gebhard, mwaka 1847, ambaye naye alivaa sare ya kikosi cha baba yake.

Alipigana Bohemia mwaka 1866, akawa jenerali, lakini macho yalikuwa yameanza kufifia, akaficha, maana jenerali wa farasi mwenye miwani angestaafishwa kesho yake, nasi ndugu tulijua, tukanyamaza, na aibu hiyo ni yetu pia.

Tarehe 16 Agosti 1870, vitani Ufaransa, aliwaamuru askari wake waishambulie mizinga, Luteni Gebhard akiwa mbele, na tarumbeta ya kukusanyika ilipolia farasi walirudi kwenye safu zao kama walivyofundishwa, wengine bila mtu mgongoni, naye akiwa kilimani, katikati ya vumbi, akamwona farasi mweupe wa mwanawe amesimama mahali pake. Sajini Kruse, ambaye leo ameketi pale nyuma ya kanisa, aliuliza, “Mkuu, twende tukamtafute Luteni?” akajibiwa, “Umtafute wa nini, si yule pale juu ya farasi wake?” Kruse akapiga saluti, asiende kutafuta, kwa kuwa aliyesema ni jenerali.

Jioni hiyo marehemu aliandika nyumbani kwamba mtoto ni mzima, hana hata mkwaruzo, na dada yangu alipoipata barua alichinja bata bukini, akaalika majirani, kumbe Gebhard alikuwa ameokotwa siku ya tatu, amejifunga jeraha kwa shati lake mwenyewe, na daktari wa kikosi alisema amekata roho alfajiri ya siku hiyo hiyo.

Alistaafu mwaka 1871, na kwa miaka minane dada yangu alimpikia, akamfulia, akamwitikia kwa kila jambo isipokuwa alipoomba msamaha, hata Septemba mwaka huu alipopigwa na kiharusi, akawa anamwambia, “Ottilie, sema basi, hata unitukane,” naye akimjibu, “Kunywa mchuzi, unapoa.” Jumapili, tarehe 9 Novemba 1879, saa moja asubuhi, alifariki dunia peke yake chumbani, mkewe akiwa jikoni.

Tunamshukuru Daktari Lindequist, majirani waliotuletea kuni, na maofisa wa kikosi, ambao tunawaomba radhi kwa kukataa farasi wake aongozwe nyuma ya jeneza kama ilivyo desturi ya jeshi, kwani dada yangu hawezi kumtazama farasi asiye na mtu.

Ameniomba niseme na hili, maana yeye sauti imemkauka: asubuhi ile alikuwa amekusudia kumjibu, akaona amalize kwanza kuwasha jiko. Leberecht, anakujibu sasa, amekusamehe. Pumzika, kama unasikia.