Elinami Sumari, Mpangaji wa Viti (1946–2004)

Kabla hatujamshusha Elinami, familia imeomba asimuliwe kidogo, na asimuliwe bila kutiwa chumvi, maana mwenyewe alikatazwa na daktari.

Elinami Sumari alizaliwa Akheri, Meru, tarehe 9 Juni 1946, mtoto wa tatu wa wakulima wa kahawa. Alisoma hapohapo Akheri, kisha sekondari mjini Arusha, akamaliza mwaka 1965. Darasani alikuwa wa kawaida tu. Lakini ukimpa kazi ya kuwapanga wageni harusini, hapo umemfikisha kwake. Hakuna shangazi aliyekalishwa juani.

Aliajiriwa na shirika la umma la utalii hadi mwaka 1991. Biashara binafsi ziliporuhusiwa, aliacha mshahara wa serikali, na watu wakasema akili zimemruka. Yeye na rafiki yake Iqbal wa Daraja Mbili wakafungua ofisi ya tiketi za ndege mjini. Ukutani alibandika michoro ya ndege za masafa marefu, zile pana zenye njia mbili ndani. Hii viti mbili-nne-mbili, ile tatu-nne-tatu, nyingine mbili-tatu-mbili. Na hata ndege ikiwa ya aina moja, kila shirika lilikuwa na mpangilio wake. Mteja aliingia kuulizia nauli ya Dubai, akatoka amefundishwa somo zima. Iqbal alinung'unika kwamba chai ya ofisi inaishia kwa wanafunzi.

Alifunga ndoa na Susana katika usharika wa Akheri, Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975. Mama yake Susana ni Nkasiogi wa Nduruma, ambaye tunaye hapa. Kwa desturi yao, mama hakai bega kwa bega na mkwewe, wala hatii kitu mdomoni mbele yake. Miaka yote hiyo, akija kwa bintiye, chai yake aliinywea jikoni.

Julai 1994 Nkasiogi alitakiwa kwenda kupasuliwa jicho Ujerumani, alikokuwa anafanya kazi binti yake mdogo, Nalepo. Susana alikuwa amevunjika mguu, kwa hiyo msindikizaji akawa Elinami. Mama alikuwa na kisukari, asingeweza kukaa na njaa safari nzima. Basi Elinami akachagua ndege ya mbili-nne-mbili: mama dirishani kushoto, yeye kulia kabisa, njia mbili na viti sita katikati yao. Alijisifu wiki nzima, tukachoka kumsikiliza.

Walipofika uwanja wa ndege, ndege ikawa imebadilishwa. Imekuja ya mbili-tatu-mbili, na karani, kwa wema wake, alipoona bibi na msindikizaji akawaweka pamoja kwenye viti viwili vya dirishani. Wema wa namna hiyo Mungu atuepushie. Elinami aliomba wabadilishiwe, akaambiwa ndege imejaa. Ndani, Nkasiogi aligeukia dirisha, akajifunika khanga uso mzima. Elinami hakukaa. Alisimama njiani mpaka mhudumu akaanza kumfokea, ndipo akamwona sista mmoja amebanwa kiti cha kati, kwenye safu ya vitatu.

"Sista," alimwambia, "naomba tubadilishane. Mama yule hawezi kula nikiwa pale."

Sista hakuuliza la pili. Elinami akabanwa yeye hadi Ulaya, magoti yamemfika kifuani, Mjerumani amemlalia begani. Chakula kilipogawiwa alinyoosha shingo akatazama: khanga imeshuka, mama anamalizia mkate. Mwenyewe alikuwa akisema hajawahi kusafiri kwa raha kama siku ile. Walipotua alimpigia Susana simu. Habari ya ndege hakuigusa. Alisema tu, "Mama amekula," na Susana akalia kwa furaha.

Tangu hapo, kabla ya kumkatia mtu tiketi, alimuuliza kwanza: nani hakai na nani? Wakwe, mashemeji walionuniana, wote aliwapatia nafasi.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1999, na mwaka jana moyo ukachoka. Nkasiogi alikuja kila wiki kutoka Nduruma, akakaa nje ya dirisha la mgonjwa, mgongo ameugeuza, wakajuliana hali kupitia kwa Susana. Elinami alifariki hospitalini hapa Arusha, Jumanne tarehe 14 Septemba 2004, akiwa na miaka hamsini na minane.

Jana jeneza lilipofika nyumbani, tulimwekea Nkasiogi kiti mbali, ukutani, kama inavyopasa. Akakikataa.

"Nisogezeeni hapa kwake," alisema. "Na chai yangu mniletee hapahapa."

Akakaa bega kwenye jeneza, akainywa chai yote. Hakuna aliyemzuia.

Elinami ameacha mke, Susana, watoto wawili, Sinyati na Yoeli, wajukuu watatu, Iqbal, ambaye ni ndugu, na mama mkwe wake, Nkasiogi. Apumzike kwa amani, na safari hii anyooshe miguu.