Mizani ya Dada na Moshi wa Nyuma ya Jukwaa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafagizi wenzake mliokuja na sare za kazi, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba, yule mwenye biashara ya maturubai, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, karatasi niliyopewa ina kurasa mbili, wa tatu nimeuandika mwenyewe leo asubuhi na hakuna aliyeuona, hata wanawe, kwa hiyo naomba mnivumilie mpaka nifike huko.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne, mkunga alisema alitoka ngumi zimekunjwa, nasi aliotulea hatukuwahi kubisha. Alianza shule ya msingi Januari 1973, akamaliza 1979, akafika kidato cha pili, mwishoni mwa 1981 baba akaumia mgongo kazini, dada akaacha masomo ili sisi watatu tusome, hakulisema hilo kwa uchungu wala kwa majivuno, ila ukichezea daftari mbele yake ulikiona cha moto.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa na manispaa kufagia uwanja wa michezo, tarehe 22 Agosti 1992 akafunga ndoa na fundi bomba, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, na siku ya harusi bibi harusi alikutwa ameinama na shela lake anaokota vizibo vya soda, shemeji akasema kumbe ameoa na mke mwenza yupo tayari, anaitwa fagio. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1994, ambaye ni muuguzi, na wa kiume mwaka 1998, ambaye ni fundi baiskeli.

Mwaka 2004 alipopandishwa kuwa msimamizi wa usafi, tamasha moja liliacha chupa na sahani za kutupa hadi mtaro wa nyuma ya uwanja ukaziba, mvua ikanyesha, nyumba kumi na moja zikaingia maji, ndipo dada alipoleta mizani kuukuu ya muuza mkaa akaitundika getini, kuanzia siku hiyo hakuna mwandaaji aliyeondoka kabla taka zake hazijapimwa na kilo zake kuandikwa kwa rangi kwenye ubao wa bati, kila mpita njia asome, mkutano huu kilo 840, mashindano yale kilo 612. Waandaaji walimwita kiherehere, wengine Mama Mizani, akalipenda hilo la pili, akawakalia kooni mpaka wakaleta mapipa ya maji yenye bomba badala ya chupa, vikombe vya bati vya kuosha, makombo yakaenda kwa mfugaji na maganda kwenye mbolea ya bustani, kilo zikashuka mwaka hadi mwaka, na mtaro haukuziba tena.

Sasa ukurasa wangu. Tarehe 9 Desemba 2017 maonyesho ya wafanyabiashara niliyaandaa mimi, nilivimba kichwa, nikaahidi mbele ya wakubwa wa manispaa kwamba nitakuwa wa kwanza kushuka chini ya kilo mia, nikijua nikifaulu kazi zote za mwaka unaofuata ni zangu, lakini mapipa ya maji niliona usumbufu nikaleta chupa, vikombe niliona kazi kuviosha nikaleta vya plastiki, watu walipotoka nikachimba shimo nyuma ya jukwaa, nikatia plastiki yote, nikamwaga dizeli, nikawasha, kisha nikapeleka getini magunia yaliyobaki. Mizani ilisoma 87, dada aliandika kwa mkono wake, akanikumbatia, mtu ambaye hakuwa wa kukumbatia watu, na kabla hajaniachia akasikia harufu.

Alizima ule moto mwenyewe kwa ndoo, zaidi ya saa nzima, bila kitambaa puani, upepo ukimgeuzia moshi mweusi usoni, mimi nimesimama pembeni naogopa kuchafua viatu. Alipomaliza alichukua tambara lenye mafuta ya taa akaifuta ile 87 rangi ikiwa mbichi, waliomuuliza akawaambia mizani ilikorofisha, uongo pekee niliowahi kumsikia akisema, na aliusema kwa ajili yangu.

Januari 2018 alianza kukohoa, mwaka 2021 ikagundulika mapafu yana makovu, Machi 2022 akaacha kazi, na tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na wanawe wote. Daktari hakusema ni moshi ule, alisema miaka thelathini ya vumbi inatosha, nami nimejificha nyuma ya hilo neno inatosha muda wote huu, nikiwatazama wapwa zangu hawa wawili machoni na kula mezani kwao, leo nimeshindwa, nisameheni mkiweza, na msipoweza nitaelewa.

Mwezi uliopita aliniomba jambo moja, taka za msiba wake nazo zipimwe, nami juzi kwa mazoea yangu mabaya nikashusha katoni hamsini za maji ya chupa, mpaka binti yake akanirudishia gari na katoni zote. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, wenzake wa usafi, na majirani mliokuja kila mmoja na kikombe chake mkononi.

Ubao uko pale getini, mstari wa tarehe 9 Desemba 2017 ulikuwa mtupu kwa miaka sita na nusu, leo asubuhi nimeujaza kwa rangi, nimeandika sijui, nilichoma, na jina langu. Pumzika kwa amani, dada, taka za leo napima mimi.