Delmar Rausch na Dola ya Alama Sitini na Nne

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanne wa mstari wa nyuma mliotoka majimbo ya mbali kuja kumzika mtu mliyemjua kwa maandishi tu, kama yupo hapa asiyeamini kwamba marehemu aliweza kutazama picha ya dola ya fedha, picha mbovu iliyopigwa juu ya paja la suruali ya jinzi, akataja alama yake ya ubora kati ya moja na sabini, na dola hiyo ilipopelekwa kwa wapimaji wa kulipwa ikarudi na alama ileile, basi na atoke sasa akaanze na nyama na pai kule ukumbini, maana haya nitakayosoma hayatamwingia.

Marehemu Delmar Emil Rausch alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa Coshocton, Ohio, mtoto wa pekee wa Emil na Hulda Rausch, na siku hiyohiyo baba yake alikwenda benki akaomba dola moja ya fedha, akapewa ya mwaka 1881 yenye herufi ndogo ya San Francisco, ilikochapwa, chini ya mkia wa tai aliyechorwa nyuma yake, akaitia kwenye bahasha ya karatasi iwe ya mtoto. Miaka mingi baadaye marehemu aliandika kwa kalamu ya risasi juu ya bahasha hiyo "64", na hapa nyumbani namba hiyo haikubishaniwa.

Alimaliza sekondari Juni 1956, jambo alilotukumbusha kila tulipokaa mezani kwa faida ya mjukuu wake Kody, kijana mtanashati anayewasomea historia hii, ambaye aliaga shule Machi 2019 akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Tarehe 4 Machi 1957 marehemu aliajiriwa kiwanda cha vioo kama mkaguzi, kazi ya kusimama chini ya taa na kutupa kila glasi yenye mkwaruzo, akaifanya miaka thelathini na minane, na alipostaafu tarehe 30 Juni 1995 aliendelea kutupa, safari hii akitupa watu.

Alifunga ndoa na Arlene Fisk tarehe 11 Juni 1960 katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Lorna na Dwight, na Bibi Arlene alipotangulia mwaka 2004, marehemu alinunua kompyuta na kujiunga na jukwaa la wakusanyaji wa sarafu, ambako kuna mchezo wa kukisia, mwenye dola anatundika picha za pande mbili na kuficha alama, wenzake wanakisia, siku ya tatu anafunua. Wanaotundika picha hizo mnawajua, kuna muuza magari anayewasha taa tatu ili mikwaruzo imezwe na mwanga, kuna daktari wa meno anayelaza kivuli juu ya shavu la yule mwanamke wa kwenye sarafu kama anayeficha jipu, na wote wana hakika kwamba kinachong'aa ni kizuri. Marehemu aliwadharau kwa usawa, bila ubaguzi. Alianza na shavu, akaenda kwenye nywele juu ya sikio, kisha kifua cha tai, mwisho akatazama mwanga, kwa kuwa sarafu isiyoguswa mwanga wake huzunguka kama gurudumu, na iliyochezewa mwanga wake hulala tu, halafu akaandika neno moja linaloifutia sarafu alama yote, "Imesuguliwa." Bwana mmoja alilalamika kwamba dola yake ni urithi wa bibi yake, akajibiwa, "Pole. Basi alisugua bibi." Miaka kumi na mitano hakukosea hata mara moja, na hakumsamehe mtu hata mara moja.

Siku ya Pasaka ya mwaka 2019, mbele ya familia nzima, alimwambia Kody, "Wewe mjukuu wangu ni kama dola ya mnadani, unang'aa kwa sababu juu hakuna kilichobaki," na Kody, ambaye hakuumbwa kunyamaza, akamjibu, "Babu, macho yamezeeka hayo. Utaona." Tarehe 2 Mei, kwa jina la kubuni, Kody alitundika picha za dola ya 1881 ya San Francisco, mabingwa wa jukwaani, wakiwemo hawa wanne, wakakisia sitini na nne, sitini na tano, na marehemu peke yake akaandika, "Imesuguliwa, kwa dawa ya meno, wiki hii. Aliyefanya hivi alianza na shavu kwa bidii, akachoka kabla ya kumaliza bawa. Ni mtu asiyemaliza kitu."

Jumapili ya tarehe 5 Mei, kwa shangazi Lorna, sahani zikiwa bado mezani, Kody aliweka mbele ya marehemu dola na bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe, akamwuliza kama hata ya baba yake ameshindwa kuitambua. Marehemu aliishika dola kwa ukingo, akaigeuza chini ya taa kwa muda mrefu, akamtazama Kody, akairudisha ndani ya bahasha na kusema, "Nimekosea." Shangazi Lorna alisema mbona imependeza kuliko zamani, wiki iliyofuata akampeleka kwa daktari wa macho, ukaonekana ugonjwa wa mtoto wa jicho, akanyang'anywa funguo za gari. Kody alitundika picha ya bahasha ile jukwaani, akaeleza dola ni ya nani, mabingwa wakamcheka mwezi mzima, na mmoja, simtaji ila amevaa tai ya kijani, akamwita kipofu wa Ohio. Tarehe 20 Mei marehemu alijiondoa jukwaani, na tangu siku hiyo hakutoa tena hukumu juu ya sarafu yoyote.

Alianza kuugua moyo Oktoba 2022, akalazwa mara tatu mjini Columbus, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Machi mwaka huu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihisha bila kuchoka, majirani walioleta chakula, wenzake wa kiwandani waliobaki, na hata ninyi wa jukwaani, mmekuja, tutafanyaje.

Hapo ndipo karatasi niliyoandika jana inapoishia. Leo asubuhi nilifungua droo yake ili nitoe ile bahasha tuizike naye, nikakuta 64 imekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa mwandiko wake, "Imesuguliwa. 5 Mei 2019." Mwaka ule, kabla sijaipiga picha, dola ilikuwa ya kijivu, niliona haitang'aa pichani, kwa hiyo niliisugua mimi, kwa dawa ya meno, kwenye sinki lake, nikaanza na shavu, nikachoka kwenye bawa. Alijua siku ileile, akala aibu yangu miaka yote, yeye ambaye hakumwachia hata bibi wa watu.

Pumzika, Babu. Hukukosea hata moja.