Mama Khisa, Mtungi na Divai ya Jumanne

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Pauline Nasambu, ambaye sote tunamwita Mama Khisa, atafunga mlango wa duka letu la vinywaji la Bungoma kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Ameitumikia kampuni hii miaka ishirini na minane, nusu ya kwanza Kitale na nusu ya pili Bungoma.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 3 Februari 1997, kazi yake ikiwa kufuta vumbi kwenye chupa. Wanaoijua Kitale wanajua asubuhi zake, ukungu unavyokaa barabarani kama mgeni asiyetaka kuaga. Jua lilipopenya hatimaye, lilipita kwenye chupa za divai nyeupe za rafu ya juu na kuacha ukutani madoa ya rangi ya mahindi yaliyokauka. Mama Khisa husema aliipenda divai kwa macho miaka miwili kabla ya kuionja.

Siku hizo divai ilikuwa ya harusi tu. Mtu aliinunua, akaificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, ikangoja binti aolewe. Mama Khisa hakuipenda desturi hiyo. Yeye alitafuta chupa alizoziita divai ya Jumanne, za siku isiyo na jambo lolote. Mteja alipouliza ipi ni nzuri, alirudishiwa swali: "Leo mnapika nini?" Awe amesema kuku wa kienyeji, samaki wa kukaanga, biriani au ugali kwa mrenda, mara nyingi mkono wa Mama Khisa ulienda palepale, kwenye Chenin Blanc nyepesi ya Afrika Kusini, isiyo tamu sana wala kali, yenye harufu ya mapera. Tena iwe na kifuniko cha kuzungusha, maana nyumba nyingi hazina kizibuo. Chupa ya namna hiyo, alisema, ni kama shemeji mzuri: haulizi kumepikwa nini, anavuta kiti.

Mwaka 2011 mamake, Mama Nabwile wa Misikhu, alianza kupoteza nguvu za macho. Hakuwa na mtoto mwingine. Bwana Nilesh, mwenye kampuni, alipotangaza kufungua tawi Bungoma, Mama Khisa aliomba ahamishiwe huko ili kila jioni arudi kwa mamake. Alikubaliwa, ila kwa sharti: tawi lisipouza vizuri kufikia Krismasi, litafungwa na yeye atarudi Kitale.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, tarehe 13 Agosti. Mama Khisa aliwakaribisha wageni jinsi sisi sote tunavyokaribisha wageni kwa soda. Alimwuliza kila mmoja, "Baridi ama moto?" Wazee wakajibu moto, kwa kuwa baridi huumiza koo. Wakamiminiwa divai iliyoshinda dirishani ikiota jua. Mzee mmoja alimeza, akatazama glasi, akauliza, "Bana, hii imechacha tangu lini?" Waliosema baridi walipewa iliyokaribia kuganda kwenye friji, wakasema ni maji ya bei ghali. Wiki iliyofuata chupa zilianza kurudishwa. Kufikia Oktoba rafu ilikuwa imejaa vilevile, na Mama Khisa alikuwa ameanza kuulizia Misikhu nzima nani angeweza kukaa na mamake.

Jumapili moja ya mwezi huo alipeleka nyumbani chupa moja ya zile zilizokosa mnunuzi. Kuku alikuwa jikoni, mvua ikinyesha. Ghafla nyimbo zikasikika langoni: akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea Mama Nabwile. Naye Mama Nabwile ni mzee wa kanisa, pombe kwake ni mwiko! Akaipapasa chupa mezani, akaizamisha kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akakaa na kukunja mikono. Wageni waliimba, wakaomba, wakapewa maji. Mwenyekiti wao, Mama Eliakim, akatoa kwenye kikombe chake kikaratasi kilichobanduka chupani, akakisogeza kwenye mwanga.

"Ati siku hizi hata maji yana stempu?"

Mama Nabwile akajibu bila kupepesa macho kwamba ni serikali hiyo, haiachi kitu bila kukitoza ushuru. Walicheka mpaka maombi ya kufunga yakachelewa.

Walipoondoka, mvua ilikuwa imekatika. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mabati, na mlima ulionekana kwa mbali kama kitu kinachokumbukwa nusunusu. Chupa ilitolewa majini. Haikuwa na baridi ya friji wala haikuwa moto. Mama Nabwile alionja kijiko kimoja. Kisha akasema ni kama kupita shambani mapera yakianza kuiva, kabla ndege hawajajua.

Siku ya soko Mama Khisa alinunua mtungi Chwele, akauweka dukani juu ya mchanga uliolowa, karibu na kaunta. Mteja aliyesema moto alitolewa chupa mtungini humo, na hakuna aliyebisha. Aliyesema baridi pia. Wote waliagizwa wakafanye vivyo hivyo nyumbani, ila si kwenye maji ya kunywa. Bwana Nilesh alipofika Desemba, aliketi juu ya kreti, akanywa taratibu akitazama watu wakiingia na kutoka. Alipoinuka alisema neno moja tu kuhusu tawi: ununuliwe mtungi wa pili.

Mama Nabwile aliishi miaka minane zaidi. Karibu kila jioni ya miaka hiyo alisikia hatua za bintiye kabla giza halijaingia. Mama Khisa ana cheti cha mfanyakazi bora, kimetundikwa ukutani, lakini ukimwuliza kampuni ilimpa nini, atakutajia jioni hizo.

Mama Khisa, asante kwa kutufundisha kwamba Jumanne nayo inastahili glasi. Ijumaa, ukishafunga mlango, tutakunywa pamoja, na hakuna atakayekusumbua na baridi ama moto. Mitungi yote miwili tunabaki nayo, mchanga tutaulowesha kila asubuhi. Wewe nenda Misikhu mapema, kama ulivyoomba mwaka ule. Safari hii hakuna zamu ya kukurudisha kesho yake. Tunakutakia jioni ndefu, kuku jikoni, na chupa moja ikikungoja majini.