Magazeti Yenye Kamba Yake

Ndani ya basi, mhariri wa gazeti alisimama nyuma ya wanawake wawili.

"Magazeti arobaini kila asubuhi," mfagiaji wa wizarani alimwambia muuza karanga. "Jioni nayapeleka stoo yakiwa yamefungwa kamba yake vilevile. Halisomwi hata moja."

"Sasa serikali inayanunulia nini?"

"Ili yafumbe mdomo, dada. Umewahi kuona wizara yetu ikiguswa humo?"

Mhariri alikisukumia kitambulisho chake cha kazi ndani ya shati. Jana tu alikuwa ameizuia habari ya dawa zilizoozea kwenye ghala la wizara hiyo.

Kiti cha dirishani kikabaki wazi, kimelowa mvua. Mfagiaji akachomoa gazeti kwenye mfuko wake.

"Kalia hili, kaka, usilowe."

Akashukuru. Akalitandika, ukurasa wenye jina lake la mhariri ukiwa juu, akakaa.