Verl Ostrander na Mteremko wa Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 1958, Bwana Verl Ostrander anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima na kuchora ramani za Nevada. Muda wake wa kustaafu ulikuwa bado. Kwa nini amewahi, nitasema mimi niliyefanya kazi naye, maana mwenyewe hasemi ng'o.

Alianza na punda na meza ya kupimia, enzi hizo ramani yetu ni weupe mtupu kutoka mji wa Austin hadi Ely, humu humu Nevada. Safu ya milima, bonde, safu nyingine, bonde jingine, hivyo hivyo mpaka Utah. Na maji yanayoshuka huko hayaioni bahari kamwe, yanakaukia bondeni na kuacha chumvi. Siku aliponipandisha kileleni mara ya kwanza nilitazama safu zile zinavyofuatana mpaka zinageuka buluu, nikabaki mdomo wazi. Yeye akafungua kopo la maharage. "Funga mdomo, kijana, utakula vumbi," akaniambia. "Haya, chora." Jamani, hata leo nikifika juu kule mwili hunisisimka.

Maharage aliyala baridi, na gari letu bovu la jeep alilitania kama shemeji yake. Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha: usichokiona, usikichore.

Kiangazi hiki tulibakiwa na karatasi moja ya ramani, ya mwisho katika eneo letu, na Verl aliitaka kuliko kitu chochote duniani. Macho yake yalikuwa yanafifia, kila mtu alijua. Alikaza hivyo hivyo, jicho kwenye darubini, mpaka ukabaki mteremko mmoja ng'ambo ya bonde. Mteremko huo ameupanda tangu ujana wake. Angeuchora hata usingizini, na nani angejua?

Alichungulia muda mrefu, kisha akaweka penseli chini. "Siuoni," akasema. "Naukumbuka tu." Jioni hiyo akaomba kustaafu, na tangu hapo anatembea kama mtu aliyeshindwa.

Mzee Verl, kuna jambo hatujakuambia. Kesho yake nilichungulia mimi kwenye darubini yako. Mafuriko ya Julai yameupasua mteremko ule kutoka juu hadi chini. Pana korongo jipya ambalo wewe hujawahi kuliona. Ungechora unachokumbuka, ramani ingedanganya, na jina lako likiwa chini yake.

Asante kwa kuiweka penseli ile chini. Wewe na mkeo, Mama LaRue, Mungu awape siku nyingi za raha huko Ely.