Kipande cha Tatu

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu aitwaye Gundi, na mwenye haraka zake hakai hapo. Saa tisa alasiri walikuwepo watatu na chupa moja ya kahawa: Gundi mwenyewe, kinyozi wa jirani waliyemwita Wembe, na Breki, dereva mstaafu ambaye hajawahi kukubali kosa, barabarani wala kijiweni. Siku nyingine wangebishana huku wanacheka. Leo mke wa Gundi alikuwa wodini, kesho asubuhi anapasuliwa tumbo, na alikuwa ametuma neno moja tu: tangu azae wanne hajaonja likizo, basi hii ndiyo likizo yake, aletewe riwaya nyepesi. Mdogo wake angepita kuichukua kabla ya saa kumi. Gundi alikuwa anashona soli ileile kwa mara ya pili na hana habari.

— Mpelekee ya mapenzi, alisema Wembe. Mapenzi hayana uzito.

— Hayana uzito kwako usiyeoa, alijibu Breki. Mgonjwa anataka ya upelelezi. Mtu anauawa ukurasa wa kwanza, humsubirisubiri. Haraka haraka haina baraka.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeshaingia. Ipishe njia.

— Maiti, Breki? Kwa mtu anayengoja kisu?

— Hakuna maiti, alisema Gundi, na kwa jinsi alivyosema, wote wawili walishusha vikombe.

— Basi mpe ile yetu, alisema Wembe polepole.

Kijiwe kilikuwa na desturi yake. Walinunua riwaya moja kwa watatu, Gundi akaipasua kwa kisu cha ngozi, akashona kila kipande kwa uzi wa viatu, na kila mtu akaondoka na chake. Kubadilishana hawakubadilishana. Walisimuliana tu, na kila mmoja aliapa kwamba ameisoma yote.

— Ile ni ya kuchekesha, alisema Wembe. Mpishi anamfukuza bwana harusi jikoni.

— Kuchekesha wapi? Kwangu bibi harusi anaendesha lori siku nne bila leseni. Niliumia sana.

— Lakini mwisho ni mzuri. Si ulituambia wanafungua duka, Gundi?

Gundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amewadanganya. Kipande cha tatu alikiacha ukurasa wa tisa, pale bibi harusi anapoanguka na daktari anaingia na kufunga mlango. Wiki hiyohiyo mkewe alianza kushika tumbo. Aliogopa, na kuogopa karatasi kukamtia aibu, basi akatunga duka.

— Niwaambie siri, alisema Breki, akimsogelea Gundi. Mtu aliyeachwa katikati ya hadithi hafi. Roho inagoma, inataka kujua. Nilimpakia mzee mmoja yuko hoi, akafika hospitali hai kwa sababu sijamaliza kumsimulia.

— Ulikuwa unamsimulia nini?

— Ajali zangu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Na ungemaliza? aliuliza Gundi.

— Zangu haziishi.

Wembe alicheka peke yake. Gundi alinyoosha mkono, nao wakamtolea vipande vyao mifukoni. Aliviunganisha, sindano ikamchoma mara mbili, akaendelea. Kipande cha tatu alikikalia.

Shemeji yake alifika na kikapu cha kanga safi.

— Hamjambo wazee. Shemeji, saa zinakwenda. Kitabu kiko wapi?

— Hiki hapa. Mwambie sehemu ya mwisho nitampelekea mwenyewe kesho, akizinduka. Mwambie asiniangushe, anisubiri.

Shemeji alikipima mkononi, akafunua nyuma, akaona kinakatika katikati ya sentensi.

— Dada namjua. Atakimaliza kabla ya jua kuzama, na hatanipa nafasi ya kupumua. Akiniuliza inaishaje, nimjibuje?

— Si wanafungua... alianza Wembe. Kisha akamtazama Gundi usoni, akaelewa kwamba duka lile lilitungwa.

Breki aliishika chupa kumimina kahawa. Yalitoka matone mawili.

Shemeji alitazama saa yake, akamtazama Gundi, akaendelea kungoja.